Mtoto wa Kinyozi Asiyenyoleka

Kinyozi alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo kikubwa, benchi la wateja, na rafu yenye poda, spiriti na mashine za kunyolea. Mlango wa nyuma uliingia moja kwa moja nyumbani kwake. Asubuhi alimaliza chai, akavuka kizingiti, akawa tayari yuko kazini.

Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi. Wazee walisinzia kitini wakati akiwanyoa. Mteja mmoja aliwahi kukoroma mpaka akaamshwa na mkoromo wake mwenyewe.

Nyuma ya mlango ule, mkewe alishona nguo. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha. Mume na mke walifanya kazi huku wakisemezana kupitia mlango, na wateja wa pande zote mbili wakachangia.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Walimwita Bwana Mdogo, kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea ameweka mikono nyuma, kama mkubwa anayekagua kazi. Alikuwa mchangamfu na mwenye maswali mengi. Lakini kichwani alikuwa na msitu. Nywele zake zilikuwa ndefu na zimesokotana. Kisogoni zilikuwa zimefungana fundo ambalo chanuo halikuweza kupita.

Mtoto wa kinyozi alikuwa hanyoleki.

Wateja walilijua jambo hilo na hawakuliacha lipite.

"Kinyozi, hiki kichaka ni cha nani?" fundi viatu alipenda kuuliza. Fundi viatu alikuwa na kibanda chake jirani, na kila siku alikuja kukaa kwenye benchi, awe ana haja au hana.

"Ni cha kwangu," kinyozi alijibu, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi mimi naanza kuogopa. Kama mwanao mwenyewe anakukimbia, sisi unatufanyia nini tukifumba macho?"

Watu walicheka. Kinyozi naye alicheka. Lakini jambo lile lilimkera moyoni.

Mambo yalianza siku Bwana Mdogo aliponyolewa kwa mashine mara ya kwanza. Kabla ya hapo mama yake alimpunguza nywele kwa mkasi. Siku ile baba alimweka kitini, akaiwasha mashine karibu kabisa na sikio lake. Mtoto aliruka. Mashine ikamkwaruza sikio, damu kidogo ikatoka. Baba alidhani akiacha katikati mtoto atadeka. Akamshika kichwa kwa nguvu, akamaliza kazi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo, mashine ikilia tu, Bwana Mdogo alitoweka. Alijificha nyuma ya cherehani ya mama yake, au chini ya kitanda, au chooni.

"Anadeka," baba alisema.

"Ameurithi woga wa ukoo wenu," mama alijibu kutoka ndani. "Kwetu hakuna mwoga."

Chekechea ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Bwana Mdogo alikuwa ameshashonewa sare na mama yake, na aliivaa kila jioni kuijaribu. Kinyozi aliitazama sare ile safi, akautazama msitu ulio juu yake, akakata shauri.

"Leo ni leo," alisema asubuhi moja. "Woga hauishi mpaka ubanwe."

Alimwita fundi viatu aje kumsaidia. Alimbeba mtoto kutoka ndani akamkalisha kitini. Bwana Mdogo alipoona kioo na rafu, mwili wake ulikakamaa kama ubao. Hakulia. Macho yalimtoka tu.

"Unaona?" fundi viatu alisema, akimshika miguu. "Ametulia. Anza haraka."

Kinyozi akaiwasha mashine.

Mtoto aliyekuwa ubao akageuka kuwa samaki. Alipiga mateke, akamng'ata baba yake kidole gumba, akateleza chini ya shuka ya kunyolea, akatoka mbio hadi barabarani bila kutazama kulia wala kushoto.

Barabarani palikuwa na mkokoteni wa maji unaovutwa na punda. Mwuza maji alimwona mtoto akipita mbele, akafungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Hata kamba hakuwahi kuivuta. Punda mwenyewe ndiye aliyesimama. Alikita miguu yote chini, masikio yamesimama. Mkokoteni ukamsukuma kwa nyuma, madumu yakagongana, maji yakamwagika. Bwana Mdogo akawa amekaa chini mavumbini, mbele ya kwato.

Kinyozi alifika akiwa bado ameshika mashine mkononi. Aliinama ili ambebe mwanawe.

Mtoto alirudi nyuma kwa makalio. Alikuwa anamkimbia baba yake, akijisogeza kuelekea kwa punda.

Mama ndiye aliyekuja kumbeba. Hakusema neno. Kinyozi alitamani angesema, hata kwa ukali.

Jioni ile walikaa kula. Kinyozi alinyoosha mkono kumwondolea mwanawe chembe ya chakula shavuni, kama alivyozoea. Bwana Mdogo aliinamisha kichwa ghafla, akajikinga kwa viganja vyote viwili. Mkono wa baba ukabaki hewani. Watu wote walijua ule mkono ni mwepesi, lakini mtoto wake hakulijua hilo.

Chakula kilimshinda.

Kesho yake alikuja mteja wake wa siku nyingi, daktari wa mifugo wa mtaa ule. Alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi na viatu vya mpira vyenye tope. Alipenda kunyolewa mapema kabla hajaanza kuzungukia mazizi ya watu.

"Kidole kimefanyaje?" aliuliza alipoona kitambaa kwenye gumba la kinyozi.

"Nimeng'atwa."

"Na mbwa? Nikuchome sindano?"

"Na mwanangu."

Daktari hakucheka. Akaomba aelezwe. Kinyozi alieleza yote huku akimnyoa, kuanzia siku ya sikio hadi siku ya mkokoteni. Alipofika kwenye habari ya chakula cha jioni sauti yake ikapungua.

"Ni woga usio na maana, Daktari. Mimi baba yake. Nitamdhuru? Mtoto ana akili, maswali anayouliza mpaka nachoka. Kwa nini asifikiri kidogo tu kwamba..."

Hakumaliza. Alikuwa amesogea nyuma ya kiti, na waya wa mashine ukateleza kutoka kwenye rafu, ukaanguka na kumpita juu ya mguu. Ulikuwa mweusi, mrefu, na ulikuwa unajisogeza.

Kinyozi aliruka. Aliruka juu, akatua kwenye benchi kwa miguu yote miwili, mgongo ukutani, mashine ameikumbatia kifuani. Fundi viatu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile lile, alimwaga chai yake yote mapajani.

Kisha kutoka ndani mama akauliza, "Kumeanguka nini huko?"

"Mume wako," fundi viatu alijibu. "Lakini ameangukia juu."

Daktari alicheka mpaka shuka ya kunyolea ikamteleza begani. Alipopata pumzi alisema, "Ndugu yangu, una akili wewe?"

"Ninazo, Daktari."

"Kwa nini hukufikiri kidogo tu kwamba ule ni waya?"

Kinyozi alishuka kwenye benchi, akafuta alipokanyaga. "Sikupata nafasi ya kufikiri. Nilijikuta niko juu."

"Uliamua kuruka?"

"Sikuamua. Mwili wenyewe uliruka."

"Basi umeshanijibu," Daktari alisema. "Hiyo inaitwa silika. Ni mwenendo anaozaliwa nao kiumbe, hakuna anayemfundisha. Buibui hajakaa darasani kujifunza kutanda utando. Kifaranga anatoka kwenye yai leo, leo hii anadonoa. Hata sisi watu tunayo. Mguse mtoto mchanga shavu, atageuza mdomo kutafuta ziwa. Mwekee kidole kiganjani, atakishika. Mlango ukibamizwa, atatupa mikono yote miwili. Nani amemfundisha?"

"Hakuna," mama alijibu. Alikuwa amekuja kusimama mlangoni, nguo aliyokuwa akishona ikiwa mkononi.

"Na kushtuka ni hivyo hivyo. Ni kama king'ora kilichofungwa mwilini. Kinalia kwanza, akili inakuja baadaye kuuliza kuna nini. Na ni vizuri kiwe hivyo. Kama ule ungekuwa nyoka, na wewe ungesimama kufikiri, mama huyu angekuwa mjane."

"Na mashine zote ningeziuza," mama alisema.

"Lakini kinyozi hakuendelea kuuogopa waya," Daktari alisema. "Akili ilipofika iliona ni waya, king'ora kikazima. Kwa mtoto mdogo akili bado inakua, haiwezi kukizima haraka hivyo. Na ikiwa king'ora kililia, kisha kweli akaumia, kisha akashikwa asiweze kutoka, mwili unaandika kwamba mahali pale ni pa hatari. Bwana Mdogo alizaliwa anashtushwa na kelele za ghafla. Hiyo ni silika. Lakini kuogopa mashine hakuzaliwa nako. Huko amejifunza. Na aliyemfundisha..."

"Ni mimi," kinyozi alisema.

"Hukukusudia."

"Lakini ni mimi."

Kabla Daktari hajajibu, nje palisikika kelele. Mwuza maji alikuwa amekwama na mkokoteni wake. Kwenye kona ya barabara fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amefungua karakana mpya. Cheche za moto ziliruka mpaka karibu na njia. Punda alikuwa amesimama kabla ya kona, hasogei mbele wala nyuma. Mwuza maji alikuwa ameinua fimbo.

"Mkaidi huyu. Tangu karakana hii ifunguliwe ni vita kila siku."

Daktari alitoka nje kama alivyo, shuka ya kunyolea shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Kinyozi akamfuata. Fundi viatu akafuata pia, suruali ikivuja chai.

"Shusha fimbo hiyo, kijana wangu," Daktari alisema. "Huyu si mkaidi. Anaogopa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama, atazame, apime kama kuna hatari. Ndiyo silika yake. Jana silika hiyo hiyo ilimwokoa mtoto wa huyu bwana. Ukimpiga hapa, atajua kweli kona hii ina maumivu."

"Sasa nifanyeje? Watu wanasubiri maji."

Daktari alimshika punda kamba, akamrudisha nyuma polepole. Alimrudisha mpaka masikio yakalegea na kichwa kikashuka. "Hapa," alisema. "Hapa anaona cheche lakini haogopi. Mpe majani ale hapa." Kisha akamwomba fundi wa kuchomelea asimamishe kazi kidogo ili maji yapite leo. "Kesho umsimamishe hapa tena, ale. Akizoea, sogea hatua mbili tatu. Akisimama, usimvute. Mwache atazame. Akitaka kurudi nyuma, rudi naye. Akijua kwamba anaweza kuondoka, hatakuwa na haja ya kuondoka."

Kinyozi aliyasikia maneno yale, akayashika. Aliporudi ndani alimalizia upande wa pili wa kichwa cha Daktari. Alipompaka poda ndipo alipouliza, "Na kwa mtoto, Daktari? Ni vile vile?"

"Baba wee," mama alisema kutoka mlangoni. "Sasa mwanangu atanyolewa kwa kanuni za punda."

"Mwili ni mwili, mama," Daktari alimjibu. "Lakini mtoto ana kitu ambacho punda hana. Punda siwezi kumwambia nitakalomfanyia. Mtoto anaelezwa, anauliza, anachagua. Mpeni neno moja. Akisema 'simama', kila kitu kisimame. Hata kama umebakiza unywele mmoja. Siku utakapokosa kusimama, mtaanza upya."

"Na shule je? Inafunguliwa karibuni."

"Aende na nywele zake. Afadhali mwalimu aone msitu kuliko mtoto aende huko akimwogopa baba yake."

Jioni ile kinyozi hakumkaribia mwanawe. Alikaa mwisho wa ukumbi akaiweka mashine sakafuni, haina hata waya, akaendelea na mazungumzo yake na mkewe. Bwana Mdogo aliitazama kutoka kwenye mapaja ya mama. Wakati wa kulala ulipofika, mashine ikaondolewa. Hakuna lililotokea.

Jioni iliyofuata ilikuwa hivyo tena, na iliyofuata. Mwishowe mtoto alishuka mapajani, akaweka mikono yake nyuma, akaja kuikagua mashine. Aliigusa kwa kidole cha mguu.

"Inakula nini?" aliuliza.

"Umeme," baba alijibu.

"Ikishiba inafanyaje?"

"Inanguruma. Lakini leo hatuilishi."

Mama aliinamia kushona ili asicheke.

Siku ya kufungua shule ilifika. Kinyozi mwenyewe alimpeleka mwanawe, sare imenyooka, msitu juu. Njiani walikutana na wateja wake karibu wote. Masikio yalimwaka, lakini alitembea polepole na kumsalimu kila mtu. Langoni mwalimu alimtazama mtoto, akamtazama baba, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kazi yake.

"Tuko kwenye mafunzo, mwalimu," kinyozi alisema. "Mimi na yeye."

"Karibuni," mwalimu alisema. "Hapa tunafundisha herufi. Nywele hazituzuii."

Baada ya hapo waliongeza kelele. Mama aliiwasha mashine akiwa jikoni, mlango umefungwa, wakati mtoto anacheza na baba uani. Ilisikika kama nyuki wa mbali. Kisha mlango ukafunguliwa kidogo. Kila mara walimwambia kwanza, "Sasa itanguruma." Kila mara mtoto alipewa neno lake.

"Simama," Bwana Mdogo alisema mara ya kwanza, ili kujaribu tu.

Mashine ikazimwa.

"Endelea."

Ikawashwa.

"Simama. Endelea. Simama."

"Mama, unamwona mwanao?" kinyozi aliuliza. "Anatutumikisha."

"Tumtumikie," mama alisema.

Siku moja baba aliiwasha mashine mkononi mwake na kuipitisha kwenye mkono wake mwingine, palipo na malaika, vile vinyweleo laini. Mtoto alitazama malaika wakianguka, akacheka. Akaomba amnyoe baba kidogo. Alimnyoa kipande juu ya kifundo cha mkono, ulimi umetoka kwa bidii. Baba hakujitikisa.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka fundi viatu alipoyaharibu. Hakuwa na nia mbaya. Bwana Mdogo alikuwa ameanza kupita dukani, akishikilia ukuta, kumletea baba yake chai. Fundi viatu alidhani sasa amepona. Akachukua mashine kwenye rafu, akaiwasha ghafla nyuma ya kichwa cha mtoto.

"Kichaka, leo ni leo," alisema.

Kikombe kilianguka. Mtoto alikuwa ameshafika chini ya kitanda kabla vipande havijatulia.

Kinyozi aliichukua mashine mkononi mwa rafiki yake, akaizima.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema taratibu. "Benchi hili ni lako. Kaa utakavyo. Lakini mwanangu usimtishe tena, na hilo jina usimwite tena. Nilikuruhusu kucheka kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nikijua."

Fundi viatu aliinamisha macho. Aliokota vipande vya kikombe kimoja kimoja. Kisha alikwenda hadi mlango wa ndani, akapiga magoti, akaliambia kochi lililokuwa ndani, maana mtoto hakuonekana, "Bwana Mdogo, nisamehe. Nilifanya vibaya."

"Nipo chini ya kitanda," sauti ilisema.

"Basi nisamehe huko huko."

Ikabidi wote wajirudishe nyuma. Mashine ilirudi sakafuni, bila waya. Kinyozi aliona uchungu, lakini asubuhi moja alimwona mwuza maji barabarani. Punda alikuwa amesimama karibu kabisa na karakana, anatafuna, cheche zinaruka. Ghafla bati lilianguka ndani. Punda alikita miguu. Mwuza maji akamrudisha nyuma hatua chache, akamkuna shingo, akangoja. Hakuna aliyepiga kelele. Baada ya muda masikio yakalegea. Mkokoteni ukapita kona, magurudumu yakilia.

Kinyozi aliwasha redio yake akaendelea na kazi. Mara hii ya pili mtoto hakuchukua muda mrefu kuizoea mashine kama mara ya kwanza.

Ikafika Jumamosi. Duka lilikuwa limejaa. Bwana Mdogo aliingia kwa mlango wa nyuma, mikono nyuma, akasimama mbele ya kiti. Kiti kilikuwa kitupu kwa sababu mteja alikuwa anatafuta miwani yake.

"Leo nitakaa mimi," alisema.

Fundi viatu aliziba mdomo wake kwa kiganja.

Kinyozi alitamani kumnyanyua haraka kabla hajabadili nia, lakini hakumgusa. "Panda," alisema. Mtoto akapanda mwenyewe, akateleza, akapanda tena. Baba hakumfunga shuka. Alimwonyesha mashine. "Sasa itanguruma." Aliiwasha ikiwa mbali, karibu na dirisha, akaja nayo polepole. Akaigusisha kwanza kwenye mgongo wa mkono wa mtoto, kwa upande wa mashine usio na meno. "Inawasha?"

"Inatekenya."

"Naanza na hapa juu."

Nywele zilianza kuanguka. Kinyozi alikuwa amenyoa maelfu ya vichwa, lakini kichwa hiki kilimtoa jasho. Upande wa kulia ulimalizika. Ngozi ilionekana, safi, na kovu dogo la sikio likaonekana. Akahamia kushoto.

"Simama," Bwana Mdogo alisema.

Mashine ikazimwa papo hapo.

"Nimechoka. Nataka kushuka."

Kinyozi alitazama kichwa cha mwanawe. Nusu ilikuwa laini kama yai, nusu ilikuwa msitu. Watu wa kwenye benchi walimtazama kinyozi. Mama, mlangoni, alishika kiuno. Hata mwenye miwani alikuwa ameshaiona na kuivaa.

"Baba," mama alisema kwa sauti ya chini, "huwezi kumwachia hivyo. Watu watasema nini?"

"Watasema nusu," kinyozi alijibu. Akaiweka mashine kwenye rafu. "Haya, shuka, Bwana Mdogo. Umefanya vizuri."

Mtoto akashuka. Akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, akatoka nje. Alipita barabara nzima akijionyesha. Ukimwona kwa upande huu alikuwa mtoto wa shule. Ukimwona kwa upande ule ungedhani bado hajazaliwa kinyozi duniani. Mwuza maji alisimamisha mkokoteni ili amtazame vizuri. Fundi wa kuchomelea alivua miwani yake myeusi. Wote walimwuliza kumetokea nini, na wote aliwajibu hivi: "Nilisema simama, baba akasimama."

Aliyasema maneno hayo kwa majivuno, kama mtu anayeeleza habari za utajiri wao.

Kinyozi aliendelea kunyoa wateja wengine. Kila mara mlango wa nyuma ulipolia aligeuka. Jua lilipoanza kulegea, Bwana Mdogo alirudi. Upande uliobaki ulikuwa unamwasha kwa joto. Akapanda kitini bila kuteleza.

"Malizia," alisema.

Baba alimaliza. Fundo la kisogoni lilianguka zima, kama kiota. Kisha akachukua brashi laini akampangusa shingo, akampaka poda. Akaweka kiganja chake juu ya kile kichwa kipya, akakiacha pale kidogo. Mtoto alifumba macho akakiegemeza kichwa kwenye kile kiganja.

Mama alirudi haraka kwenye cherehani yake. Alisema ana kazi ya watu. Lakini cherehani ilichelewa kulia.

Habari zilienea. Wazazi wengine wakaanza kuleta watoto waliokuwa wakilia kwa kinyozi. Kinyozi alitenga asubuhi moja kwa ajili yao tu, asubuhi ambayo hana haraka. Mashine aliiwasha mbali. Hakumshika mtoto yeyote kichwa kwa nguvu, wala hakuruhusu mzazi amshikie. Aliyeshindwa leo alirudi siku nyingine, bila kuchekwa. Alipoulizwa na wazazi kwa nini anajipa taabu hiyo, alijibu, "Kushtuka tumezaliwa nako sote. Hata mimi naruka. Lakini kunizoea mimi, hilo lazima mtoto ajifunze, na mwalimu ni mkono wangu."

Asubuhi moja ya namna hiyo aliletwa mtoto wa kike, mdogo kuliko Bwana Mdogo. Alijishikiza kwenye nguo ya mama yake, hataki kuvuka kizingiti. Mama yake alimbembeleza, akamwahidi peremende, akamtisha. Haikusaidia kitu.

Bwana Mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya fundi viatu. Alishuka, akaweka mikono nyuma, akaenda mlangoni. Alimtazama mgeni yule kwa muda.

"Inatekenya," alimwambia. "Na kuna neno. Ukilisema, inazima."

Yule mtoto alifuta pua. "Neno gani?"

Bwana Mdogo aliinama akamnong'oneza sikioni. Kisha akarudi kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kupita.